Baba anajua nasomea ualimu, na mimi nasomea uchoraji

Mwalimu, pokea salamu zangu.

Mimi ni msichana wa miaka 21. Nyumbani ni karibu na Khayega, kaunti ya Kakamega, na nasoma katika chuo kikuu kimoja huku magharibi. Semesta inafunguliwa wiki mbili zijazo, siku ya Jumatatu. Naingia mwaka wa tatu, na nikiingia bila kulimaliza jambo hili sijui nitatokea wapi.

Nilipomaliza kidato cha nne KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi vyuo, ilinipeleka kusomea ualimu wa sekondari, Kiswahili na Historia. Babangu alifurahi sana. Alitembea na ile barua ya kuitwa chuoni kwenye mfuko wa shati mpaka ikachanika mikunjoni. Wiki ya tatu chuoni nikapita karibu na studio ya idara ya sanaa nikaona wanafunzi wanamchora mtu aliyeketi kwenye kiti. Nilisimama mlangoni hadi kipindi kikaisha. Kabla ya mwezi kwisha nilikuwa nimejaza fomu ya kuhama kozi, nikakubaliwa.

Nyumbani sikusema. Nilijiambia nitasema likizo ya kwanza, ikapita, ya pili ikapita. Baba akiona kwenye matokeo yangu kumeandikwa shahada ya sanaa hashtuki, kwa sababu kwetu mwanafunzi wa sanaa ni yule ambaye hakuchukua sayansi, na mtu huyo kazi yake ni kufundisha. Kanisani wananiita Mwalimu. Mwaka jana aliuza mtamba ili nisikose karo. Sasa ameshaongea na mwalimu mkuu wa shule ya sekondari iliyo karibu na nyumbani, wamekubaliana kwamba mwezi wa Mei nitafanya mazoezi ya kufundisha pale. Mwezi uliopita alinitumia kwa matatu viatu vyeusi vya ngozi, vya kuvaa darasani. Viko hapa chini ya kitanda, sijavivaa.

Mama anajua. Nilimwambia Desemba, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, “Utamwambia babako mwenyewe.” Tangu hapo hajaligusa tena.

Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba baba hapendi kabisa mambo ya mikono. Nyanya, mamake baba, alikuwa akifinyanga vyungu pale Ilesi. Bado yuko, amepita miaka 80, mikono haiwezi tena. Baba akiwa mtoto ndiye aliyekuwa akivipanga kando ya barabara ya Kakamega kungoja wateja. Hayo ni mambo ya zamani na haongei juu yake. Lakini nakumbuka nikiwa darasa la sita nilifinyanga ng'ombe wa udongo, nikamletea nikijua atafurahi, akaniambia, “Weka chini matope, shika kitabu.”

Halafu kuna pesa. Semesta hii nina yuniti ya uchongaji na ya uchoraji wa rangi, na orodha ya vifaa ni ndefu. Wenzangu wana rangi za mirija walizonunua Nairobi, wengine wana tableti za kuchorea. Mimi nina shilingi 9,400 nilizopata likizo hii nikiandika mabango ya vibanda hapa Kondele, mjini Kisumu, karibu na Manyatta ninakokaa kwa binamu yangu. Siwezi kumwomba baba pesa za rangi, maana mwalimu wa Historia hanunui rangi.

Kazi si kwamba siiwezi. Mwaka jana nilichora kwa makaa mikono ya nyanya, nikapata alama 74, na mhadhiri akaomba ikae ukutani mwa idara muhula mzima. Baba hajaiona.

Rafiki yangu mmoja ananiambia tuandike barua kama ya chuo, iseme mazoezi ya kufundisha yameahirishwa, nipate mwaka mwingine. Mimi nafikiria mambo mawili: nirudi ualimu hata kama ni kuanza upya, au ninyamaze nimalize, nimwambie nikiwa na digrii mkononi. Nisaidie, Mwalimu. Usingizi sina.

Mchoraji wa siri, Kisumu

* * *

Binti yangu,

Nianze na viatu. Umeeleza mengi, lakini hapo ndipo niliposimama. Mzee ameuza mtamba, amelipa karo, na bado akatafuta pesa za viatu vya kusimama navyo mbele ya darasa ambalo hutasimama. Kila wiki unayongoja anaongeza kitu kingine juu ya jambo ambalo halipo. Leo ni viatu na neno alilompa mwalimu mkuu. Krismasi atakutaja tena mbele ya kanisa. Mei mwalimu mkuu atampigia simu kuuliza mbona binti hajaripoti, na hapo babako atajua kozi unayosoma kutoka kwa mtu wa nje. Hilo ndilo ninalotaka tulizuie, wewe na mimi, kabla Jumatatu hiyo haijafika. Sanaa yenyewe sina wasiwasi nayo sana.

Nilifundisha sanaa katika shule za Nyanza na Magharibi mpaka nikastaafu, na kabla ya hapo nilikuwa binti kama wewe. Nilipelekwa kusomea ukarani. Nikaacha baada ya muhula mmoja, nikaingia chuo cha ualimu kwa sababu ya somo la sanaa, na nyumbani nikaendelea kusema niko ukarani. Babangu aliambiwa na utingo wa basi aliyenijua kwa sura. Nilipofika nyumbani hakupaza sauti. Aliniuliza jambo moja tu: “Watu wangapi walijua kabla yangu?” Nikaanza kuwahesabu kimoyomoyo, nikafika saba, nikashindwa kuendelea. Alinisamehe, tena meza yangu ya kwanza ya kuchorea aliitengeneza yeye. Lakini kwa miaka mingi baadaye, kila nilipomletea habari, hata habari njema, alikuwa akiuliza kwanza, “Na mimi ni wa ngapi?” Niliishi na swali hilo mpaka siku tulipomzika.

Sasa hesabu wako. Mamako. Binamu wa Manyatta. Rafiki mwenye shauri la barua. Wahadhiri wote wa idara. Mimi, na kila anayesoma ukurasa huu. Babako bado hayumo. Atakachoumia nacho ni nafasi uliyompa katika foleni hiyo, na kila siku inayopita foleni inarefuka mbele yake.

Kwa hiyo digrii mkononi haitakusaidia. Itamwonyesha tu kwamba ulimficha miaka minne badala ya miwili, na kwamba siku ya mahafali, siku ambayo alikuwa amewaalika watu, ndiyo siku uliyochagua kumwambia. Kurudi ualimu nako sikushauri. Utakuwa umetupa karo ya miaka miwili, na yule mtamba ndani yake, kwa sababu ya hofu na si kwa sababu unatamani kufundisha Historia. Watoto huwa wanamjua mwalimu aliyeletwa darasani na hofu. Na lile la barua ya kughushi, likatae leo. Kutengeneza barua ya chuo ni kosa linaloweza kukufukuzisha na hata kukupeleka mahakamani, na litaubadilisha uongo wa mtoto aliyeogopa kuwa udanganyifu wa mtu mzima. Huyo rafiki anakupenda, sina shaka, lakini hapo amekuelekeza shimoni.

Nenda nyumbani Ijumaa hii, si ile ya mwisho kabla ya kufungua. Unahitaji siku za kutosha ili hasira ipate pa kupitia. Usimwambie kwa simu wala kwa ujumbe. Usimtangulize mchungaji, wala amu, wala shangazi. Najua desturi yetu ni mtoto kutafuta mtu mzima wa kumsemea, na mara nyingi ni desturi nzuri, lakini hapa kila mtu unayemwambia kwanza ni mtu mwingine anayempita baba. Wazee wataitwa baadaye akiwataka yeye.

Jumamosi asubuhi, ng'ombe wakishakamuliwa na yeye ameshakunywa chai, mwombe mkae mahali ambapo wadogo zako hawasikii. Kisha sema kwa ufupi: “Baba, mimi sisomei ualimu. Nilihama mwezi wa kwanza, nasomea uchoraji na uchongaji. Nimekuficha miaka miwili na kosa ni langu.” Nyamaza hapo. Neno “lakini” lisitoke mdomoni mwako, kwa sababu ukilisema tu, msamaha unageuka kuwa utetezi. Akiuliza kama mama alijua, usimwachie mama ajibu. Mwambie ulimweleza Desemba, akakutaka uje kwake mwenyewe, ukaogopa. Mama huyo amekaa kanisani miezi yote hii akisikia watu wanakuita Mwalimu na hawezi kuinua macho. Mzigo huo ni wako, umtue.

Beba karatasi mbili: matokeo yako yote na taarifa ya karo kutoka kwenye potali ya chuo, inayoonyesha kila malipo na tarehe yake. Mzee aone kwa macho yake mtamba aliingia wapi. Mzazi aliyefichwa kozi, jambo la pili atakalojiuliza ni kama pesa nazo zilifichwa, na swali hilo ni afadhali ulijibu kabla halijaulizwa. Beba viatu pia. Mrudishie mkononi, umwambie hukuvivaa kwa sababu hukustahili kuvivaa. Afanye navyo atakavyo.

Ule mchoro wa mikono ya nyanya uwe ndani ya mfuko. Usiutangulize. Ukiutoa kabla ya kuungama utakuwa kama rushwa, na yeye ataunusa. Akiuliza, hata kama ni Jumapili jioni, hata kama anauliza kwa hasira, “Na huko mnachora nini?”, basi umtolee, umwekee mezani, uondoke umwache naye peke yake.

Huenda asikuongeleshe siku mbili. Usikimbilie Kisumu. Lala hapo, amka ukamue, chota maji, nenda naye kanisani na mtu akikuita Mwalimu uvumilie. Kuhusu yule mwalimu mkuu, mwambie baba uko tayari kwenda mwenyewe ukamwombe radhi, na kweli uende. Neno alilotoa babako kwa ajili yako usimwachie yeye kulirudisha peke yake.

Sasa nirudi kwenye sentensi uliyoiandika kwa haraka, kwamba vyungu ni mambo ya zamani. Umeisoma vibaya ile siku ya ng'ombe wa udongo, na sikulaumu, ulikuwa darasa la sita. Wewe unamwona baba asiyejua thamani ya kazi ya mikono. Mimi namwona mtu anayeijua kuliko wahadhiri wako. Alikaa kando ya barabara ya Kakamega akiwa mtoto. Mamake amechimba udongo, ameuponda, ameuchanganya na unga wa vigae vya vyungu vilivyovunjika ili kisije kikapasuka, amefinyanga kwa mkono, ameanika kivulini siku kadhaa, amechoma kwa kuni na nyasi, akivumilia vile vilivyolipuka motoni kwa sababu ya unyevu uliobaki ndani. Halafu gari linasimama, mtu anashusha kioo, anataka apunguziwe nusu. Na mtoto anajua nyumbani hakuna unga. Mtu aliyekulia hapo akimwona binti yake ana matope mikononi hawezi kucheka. Alipokwambia ushike kitabu alikuwa anakuondoa kando ya ile barabara.

Ndiyo maana nakuomba, baada ya hasira kupoa, usimhubirie kuhusu uzuri wa sanaa. Muulize. Muulize pesa za vyungu zilikuwa zikienda wapi. Nitashangaa kama hazikununua hata daftari lake moja. Muulize siku nzuri ilikuwa siku ya kuuza vingapi, na ni nani aliyekuwa akipanga bei. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Akikuuliza chungu kimewahi kumfikisha nani mahali, majibu yapo. Nigeria kuna noti ya naira 20 yenye picha ya mfinyanzi, Ladi Kwali, mama wa Kigwari aliyejifunza ufinyanzi kijijini kwao akiwa mtoto. Amewekwa kwenye pesa ya nchi. Na hapa kwetu yuko Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alikwenda Uingereza mwaka 1971 kusomea sanaa, kisha akasafiri hadi Abuja ya zamani, mji unaoitwa Suleja leo, na huko akina mama wa Kigwari wakamwonyesha kujenga chungu kwa mkono, bila gurudumu. Leo vyungu vyake viko British Museum, na bado anavijenga kwa mkono. Fikiria hilo, binti yangu. Alivuka bara kutafuta ujuzi ambao wewe umeuacha umeketi kwenye kiti uani kwa nyanya.

Ukitaka mfano ambao mzee anaweza kuufikia kwa matatu, ni Tabaka kule Kisii. Mchongaji Elkana Ong'esa ametokea huko, na ndege wake wa amani wa jiwe amesimama makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Lakini mwambie baba ukweli wote: wachongaji wengine wengi wa Tabaka bado wanasumbuliwa na bei za madalali, kama nyanya alivyosumbuliwa na madereva. Usimwahidi Paris. Mwahidi kwamba utajifunza kuuza, si kutengeneza tu, na kwamba utamwonyesha hesabu kila semesta. Tayari una la kumwonyesha. Shilingi 9,400 za mabango ya Kondele ni pesa ya sanaa, na ulizipata kabla hujamaliza chuo.

Atakuuliza pia kama ndiyo basi, hutakuwa mwalimu kamwe. Hapa kuwa mwangalifu sana, kwa sababu utashawishika kumpa jibu la kumtuliza. Njia ipo. Mtu mwenye shahada isiyo ya elimu anaweza kusoma diploma ya uzamili ya elimu kisha akaomba kusajiliwa na TSC, tume ya walimu, mradi awe na masomo mawili ya kufundishia na alama za KCSE, mtihani wa kidato cha nne, zinazokubalika katika masomo hayo. Na wakati nao si mbaya. Sekondari ya juu ya mtaala mpya ina njia tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati ni moja, sayansi za jamii ni ya pili, sanaa na sayansi ya michezo ni ya tatu. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia Januari 2026, na shule zinazochukua njia hiyo ya tatu zinahitaji watu waliosoma sanaa kwa kina. Nilifundisha katika miaka ambayo somo letu liliondolewa kwenye mtihani wa darasa la nane, nikaona meza za kuchorea zikigeuzwa kuwa meza za chakula, kwa hiyo unaweza kujua nilivyofurahi. Nenda kwa mkuu wa idara wiki ya kwanza umuulize ni yuniti zipi zitakusaidia kupata somo la pili la kufundishia. Lakini ukimwambia baba habari hii, mwambie ni mlango unaoweza kuufungua, si kwamba umeshaamua. Kama moyo wako hauko darasani, usianze uongo wa pili siku ile ile uliyoumaliza wa kwanza.

Je, akikataa kulipa karo? Inawezekana, na usimwone mbaya. Kabla ya Ijumaa uliza ofisi ya fedha kama unaweza kulipa kwa awamu, hakikisha ombi lako la mkopo wa HELB la mwaka huu limeingia, uliza kama chuo kina kazi za malipo kwa wanafunzi, na ulizia basari kwenye ofisi ya wadi. Ufike nyumbani ukiwa umeshapiga hesabu hizo, ili baba asione kwamba umemjia kwa sababu ya pesa. Wazazi wengi niliowaona walikasirika mwezi mmoja wakarudi. Wachache hawakurudi, na watoto wao walimaliza kwa taabu, ila walimaliza.

Vifaa visikunyime usingizi. Tableti hazichongi jiwe. Kwa turubai, nunua amerikani kwenye maduka ya vitambaa mjini, mwombe seremala vipande vya mbao vilivyobaki, ufunge fremu mwenyewe. Pakaa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, ikikauka pakaa rangi nyeupe ya maji ya ukutani mara mbili au tatu, ukipiga msasa katikati. Wenzako wananunua hicho hicho kikiwa kimefungwa kwenye plastiki. Kwa rangi, usichukue seti ya mirija 24. Chukua nyeupe kubwa, maana ndiyo huisha kwanza, kisha nyekundu moja, bluu moja, njano moja na kahawia iliyoiva. Kuchanganya kutakufunza macho kuliko kununua.

Makaa ya kuchorea usinunue kabisa. Kata vijiti vilivyokauka, vya unene wa penseli, vipange wima ndani ya kopo la bati, ufunge mfuniko wenye tundu dogo kama la msumari, uweke kwenye jiko. Moshi utatoka kwa nguvu, kisha utapungua. Ukikoma kabisa, epua na uache kopo lipoe lenyewe. Ukilifungua likiwa moto hewa itaingia na vijiti vitashika moto vibaki majivu. Nimewafundisha wanafunzi wengi hilo na kila darasa lilikuwa na mmoja aliyefungua mapema.

Jiwe la yuniti ya uchongaji, jikusanyeni watatu au wanne mwende Tabaka kupitia Kisii mjini, mnunue vipande vidogo pale pale kwa wachongaji. Ni jiwe laini, linakubali msumeno na kisu, lakini vumbi lake ni baya kwa mapafu. Fanyia kazi jiwe likiwa limelowa, nje, na kitambaa au barakoa puani, hata kama wazee wa pale hawajifungi. Jisajili yuniti zako wiki ya kwanza, mapema, kabla potali haijalemewa.

Na mradi wako wa mwaka wa tatu, mimi ningeufanya Ilesi. Nyanya mikono haiwezi, lakini mdomo unaweza. Keti naye na daftari. Akuambie udongo ulikuwa ukichimbwa wapi, walijuaje kwamba umeiva, kila umbo la chungu liliitwaje kwa lugha yenu na lilikuwa la kazi gani. Chora kila hatua anayoieleza. Ufinyange wewe, yeye akukosoe. Mwombe baba awepo siku moja, kwa sababu kuna vitu nyanya atasahau na yeye atakumbuka, hasa bei.

Kwa hiyo Ijumaa panda matatu ya Kakamega mapema, ushuke Khayega kungali na mwanga. Beba gunia dogo tupu. Jumapili ukipata nafasi, chimba udongo pale nyanya atakapokuelekeza, usijaze sana, kondakta asije akakudai nauli ya mtu wa pili.